Fahamu za Babu

Juzi mwanangu wa kiume alipanda kwenye buti la gari kutafuta mpira wake, akapasua mfuko wa mkaa. Mfuko wenyewe ulikuwa umelowa, maana baba yake aliuacha nje kwenye mvua, na bila shaka aliyeulizwa kwa nini hakuangalia ni mimi. Nilipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. Nikachukua brashi na ndoo, nikaingiza kichwa ndani ya buti, na ile harufu ya mkaa uliolowa ikanipanda puani. Nikakaa chini kwenye saruji na brashi yangu mkononi.

"Mama, unalia?" akauliza.

"Silii. Nanusa. Niache."

Ndiyo harufu ya zile wiki nilipokuwa namtibu babu yangu, mie na miaka yangu saba, bila ya kumwambia mtu.

Na kama hiyo harufu haikutosha, kuna la pili. Jamaa zetu wametengeneza shajara ya ukoo, ule mti wa majina ya wazee, wameituma kwenye simu za watu wote, ina mipaka ya rangi ya dhahabu, na chini ya jina la Babu wameandika "mfanyabiashara mashuhuri wa Kongo". Mashuhuri! Babu yangu alichimba makaa ya mawe. Alishuka shimoni akiwa kijana wa miaka kumi na sita, baada ya baba yake kufa, kule ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu kazi iliyokuwapo ndiyo hiyo. Akachimba miaka saba. Duka alilifungua baadaye, duka dogo la chumvi na sabuni, halikuwa mashuhuri hata mtaa wa pili. Nimechoka na hayo madhahabu. Wacha niseme ilivyokuwa.

Tulikaa Birkat al Mauz, kwa Waarabu, walikohamia wazee wetu kutoka Kongo, chini ya mlima, nyumba yetu imepakana na migomba. Alikuwapo Babu, Bibi, Mama, mimi na ndugu zangu wadogo wawili. Baba alikuwa akifanya kazi jangwani, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani, na wiki zake za nyumbani alilala. Na alikuwapo Shangazi Zuwena, dada yake Baba, ambaye ndiye aliyetawala. Alikuwa na kazi ya serikali Nizwa, alikuwa na gari lake mwenyewe, na alipokuwa akipita na lile gari wanawake wa mtaa walikuwa wakisimama kumtazama. Nampa haki yake: nilikuwa nataka kuwa yeye. Lakini Shangazi alikuwa na maradhi moja. Alitaka watu watuheshimu. Majirani zetu waliotoka Unguja walikuwa wakitucheka Kiswahili chetu cha bara, majirani Waarabu walikuwa wakitucheka Kiarabu chetu, na Shangazi kila kicheko alikuwa akimbebesha Babu.

Babu naye alikuwa akichochea. Akimwona Bi Salma, jirani wa Unguja, anakuja, alikuwa akimsemesha Kiswahili cha Kongo makusudi.

"Habari gani mama, iko muzuri?"

"Mzuri gani huyo, mzee? Hebu sema vizuri!"

"Vizuri iko muzuri sana!"

Bi Salma alikuwa akishika ubavu kwa kucheka. Shangazi alikuwa akiingia ndani na kufunga mlango.

Shangazi alinunua meza kubwa ya kulia chakula, na viti vyake vinane, kwa ajili ya wageni. Sisi tulikuwa tukila chini kwenye mkeka, wageni nao walikuwa wakila chini kwenye mkeka, na ile meza ikabaki imefunikwa kitambaa mpaka sakafuni. Kwa hivyo Babu na mie tukaifanya mgodi. Tulikuwa tukiingia chini ya kitambaa, yeye kwa magoti yake mabovu na bakora yake, mie na kijiko. Alinipa cheo. Niliitwa Kapita, na Kapita kwao ndiye msimamizi wa wachimbaji. Aliniambia anayefaa kuwa kapita ni mtu wa kelele, na mimi nimetimia.

"Kapita, hapa pazima?" akauliza, huku anagonga ubao wa meza kwa ncha ya bakora.

"Pazima, Babu."

"Umejibu upesi. Usinijibu kwa mdomo, nijibu kwa sikio." Akagonga tena. "Dari zima hulia kama kengele. Dari bovu hujibu kama ngoma. Likikujibu kama ngoma, usichukue sururu, usichukue kofia, chukua miguu yako."

Hayo hakuyaacha Kongo. Alikuwa akigonga kila dari alilolifikia. Alipelekwa kumposea jamaa yetu mtoto wa watu huko Ibra, na kabla ya kahawa akasimama juu ya mto wa kuegemea wa wenyewe, akagonga dari la majlis, chumba chao cha wageni, kwa bakora mara tatu, akakaa, akasema alhamdulillahi, tunaweza kuzungumza. Posa ilikubaliwa. Lakini Shangazi alilala na kichwa kinauma siku mbili.

Mle chini ya meza ndimo nilimojua kazi yake. Walikuwa wakishuka kwa mteremko, mmoja nyuma ya mwenzake, taa mbele, na kule ndani pengine dari liko chini mpaka mtu anachimba amelala ubavu. Jiwe jeusi linaanguka, unalisukumia nyuma kwa miguu, mwenzako analitia kwenye kigari cha chuma. Vumbi lake tamu. Ndivyo alivyosema, tamu, linaganda kwenye meno. Dari walilitegemeza kwa magogo, na gogo la mti mzuri halivunjiki kimya kimya.

"Linalalamika kwanza," alisema. "Kriii. Kriii. Kama bibi yako."

"Nimekusikia!" Bibi akajibu kutoka jikoni.

"Umeona, Kapita? Hilo gogo zima. Siku likinyamaza ndiyo tukimbie."

Panya walikuwa wakipewa mkate. Mtu akimpiga panya, wenzake wanampiga yeye, kwa sababu panya husikia mlima unasogea kabla ya binadamu. Ukiona panya wanatoka, na wewe toka, mengine mtaulizana juu. Na walipotoka juu jioni hawakujuana, wote weusi mamoja, mpaka mtu acheke aonekane meno. Macho yao yalibaki na wanja wiki nzima. "Kuliko bi harusi," alisema Babu, na akanirembulia macho pale chini ya meza, nikacheka mpaka nikagonga kichwa. Aliniuliza kama kichwa kimelia kengele au ngoma.

Mie mambo yote hayo niliyaamini, isipokuwa nilikuwa sielewi jambo moja. Mkaa niliokuwa nikiujua ni wa mishkaki.

"Babu, nani aliyechoma miti huko chini?"

"Mungu."

"Alikuwa anataka mishkaki?"

"Kapita, kachimbe."

Sasa hapa lazima mnielewe, nyinyi wenzangu mliokulia hukohuko, maana mwengine atadhani nilikuwa punguani. Sisi watoto Kiswahili chetu kilikuwa na matundu. Skuli Kiarabu, njiani Kiarabu, dukani Kiarabu. Mkaa hatukuuita mkaa, tuliuita faham, kama muuza duka alivyouita. Bibi alikuwa akigomba kila siku, "Sema mkaa, mtoto wewe!" na sisi tulikuwa tukisema ndiyo, kisha tunasema, "Bibi, faham yako imeanguka." Neno fahamu la Kiswahili, la akili ya mtu, mie sikulijua kabisa. Kwangu faham ilikuwa moja, nayo nyeusi.

Basi Babu akaanza kukohoa. Alikuwa akikohoa siku zote, lakini sasa kikohozi kikawa kirefu, kinamtikisa mabega, na Shangazi akaona kitambaa chake cha mfukoni kina doa jeusi. Kwanza akasema Babu anavuta sigara kwa siri kule migombani. Babu akaapa. Kisha akasema ni kifua kikuu. Akampeleka hospitali Nizwa, wakampima, wakasema hawaoni kitu lakini arudi tena. Shangazi hakungoja. Alichukua rangi yake ya kucha, nyekundu, akatia tone kwenye kikombe cha Babu, kwenye sahani yake na kwenye kijiko chake, ili visichanganywe na vyetu. Na sisi watoto tukakatazwa kuingia chumbani kwake. Tukisimama mlangoni, mwisho ni kizingiti. Ndugu yangu mdogo alivuka akafinywa.

Sijapata kuwa na hasira kama zile maishani mwangu, na mie si mtu wa hasira chache. Meza ilikaa pale na kitambaa chake. Niliingia peke yangu mara moja, nikagonga kwa kijiko, nikatoka. Hakuna mgodi wa mtu mmoja. Babu alikuwa akiketi kitandani kwake, mie nikikaa upande wangu wa kizingiti, tunatazamana kama tuko forodhani.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, Kapita. Kazi vipi?"

"Kazi hakuna. Mgodi umefungwa."

"Ah. Mgomo," akasema, akacheka, akakohoa, na Shangazi akaja kunivuta mkono.

Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya friji, nimejificha kwa sababu ya maziwa niliyoyamwaga, Bibi na Mama wakawa wanazungumza jikoni kwa sauti ya chini. Bibi alisema, "Mie nakwambia kifua hiki ni cha kulekule. Tangu siku ile hewa mbaya ilipowakuta shimoni. Haina harufu, haina rangi, mtu anasikia usingizi mtamu tu. Alipoteza fahamu huko chini, wakamtoa kwenye kigari kama maiti, wakamlaza nje. Mama yake kashaanza kulia. Fahamu zilipomrudia ndipo akavuta pumzi."

Mama akauliza kwa nini daktari haambiwi. Bibi akasema, "Zuwena ndiye anayezungumza na daktari. Sote Kiarabu chetu unakijua. Na Zuwena hataki neno hilo la shimo litajwe." Mama alikuwa mke wa mwana, wifi wa Shangazi, amekuja nyumba ile mdogo, aliendelea kukata vitunguu.

Mie nyuma ya friji nikawa nimepata dawa. Alipoteza faham huko chini. Faham ilipomrudia, akavuta pumzi. Kitu kiko wazi kama jua! Watu wazima wote wamesoma, wana magari, na hapana hata mmoja aliyefikiri kumrudishia mzee faham yake.

Gunia la mkaa wa mishkaki lilikuwa stoo. Siku ya kwanza nikachukua kipande kimoja, nikakiosha kwenye falaj, ule mfereji wa maji ya mashamba, kwa sababu dawa lazima iwe safi, na kwa hivyo kikanuka ile harufu. Nguo za Babu zilikuwa kambani. Nikakitia mfukoni mwa kanzu yake. Siku ya pili nikatia viwili. Kisha Shangazi akiwa kazini na Bibi analala, nikavuka kizingiti kwa mara ya kwanza, Babu katoka kutawadha, nikapanga vipande sita ndani ya foronya ya mto wake. Nilifikiri karibu na mdomo ndiyo pazuri.

Babu hakusema kitu. Alidhani Kapita anamtumia salamu za kazini. Baadaye alinambia kwamba kila alipokuta kipande alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, akakirudisha palepale.

Aliyesema ni Shangazi. Alikuja kubadilisha mashuka, akakuta foronya nyeusi, shuka nyeusi, ndevu nyeupe za Babu zina michirizi. Vipande vyenyewe hakuviona, maana mto aliushika kwa ncha za vidole kisha akautupa. Alipiga ukelele uliosikika mpaka kwa Bi Salma. "Kakohoa usiku kucha! Kakohoa weusi! Baba anakufa na nyinyi mmekaa!" Alilia Shangazi siku ile, alilia kweli, na rangi ya macho ikamshuka mashavuni. Babu akajaribu kusema yuko muzuri. Akavalishwa, akatiwa garini. Mama akaambiwa aje kumshika, na mie nikachukuliwa kwa sababu nilishikilia mlango wa gari na sikuuachia.

Daktari alikuwa Msudani, mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Aliweka picha ya kifua cha Babu kwenye taa, ikaonekana ina madoadoa kama anga la nyota. Akamuuliza Babu, na Shangazi akawa anajibu.

"Unavuta sigara, ya hajj?"

"La wallahi," akasema Babu. Hilo alilielewa.

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Tajiri," akasema Shangazi. "Mfanyabiashara."

"Ya nguo? Ya pamba, ya unga, kitu chenye vumbi?"

"Ya jumla," akasema Shangazi, na shingo ikanyooka.

Daktari akatazama picha, akamtazama Babu, akaitazama tena picha. Akasema makohozi wameyapima mara mbili na hawakuona kifua kikuu, lakini hiki anachokiona hakipendi, na huo weusi wa kwenye foronya hajui umetoka wapi. Kwa hivyo atamlaza chumba cha peke yake mpaka wajue. Wiki kadhaa. Watoto wasije.

Akaja muuguzi na kigari cha kusukuma. Babu akakalishwa. Na mlango ule ulikuwa mlango mkubwa wa hospitali, siyo kizingiti cha nyumbani, nikajua nikiuacha ufungwe basi tena. Nilikuwa na kipande kimoja kwenye mfuko wa gauni. Nikachomoka mkononi mwa Mama, nikamkimbilia, nikakitia kiganjani mwake na kumkunja vidole.

"Kimeze!" nikamwambia.

"Nini hicho?" akauliza daktari.

"Faham," nikamjibu, kwa Kiarabu, na Kiarabu changu hakikuwa na tundu. "Ni yake. Aliipoteza chini ya ardhi. Ikimrudia atavuta pumzi. Mto wake nimeutia mie, lakini ilikuwa kidogo."

Shangazi akanishika bega. "Mtoto huyu anachanganya lugha, daktari, usimsikilize."

Lakini yule daktari alikuwa kashachutama, macho yake sawa na yangu. "Chini ya ardhi wapi, ya bint?"

"Kazini kwake. Kwenye shimo. Kuna panya na magogo. Kama dari linalia ngoma, unachukua miguu yako."

Kisha nikasikia sauti ambayo ofisi za watu hazikuizoea, ya mama yangu, na Kiarabu chake kilichovunjikavunjika. "Kweli, daktari. Kongo. Alichimba faham ya mawe. Miaka saba."

"Wifi!" akasema Shangazi.

"Miaka saba," Mama akarudia.

Daktari akasimama. Akaichukua ile picha, akaiinua, na uso wake ukawa kama mtu aliyesoma barua na sasa kaona jina la aliyeituma. "Ya hajj," akasema, "mbona hukuniambia?"

Mama akamfasiria. Babu akajibu, Mama akafasiri tena, na akashindwa kuzuia kicheko: "Anasema ulimuuliza binti yake."

Basi akatueleza. Lile vumbi tamu halikutoka. Miaka arubaini limekaa mle mle mapafuni, limegeuka jiwe, na mara nyingine weusi wake unapanda na kohozi. Dawa ya kulitoa hakuna, na hakutudanganya kuhusu hilo. Makohozi atayapima mara moja zaidi kwa kuhakikisha, lakini hamlazi. "Vumbi haliambukizi mtu," akasema, na alimtazama Shangazi alipolisema. "Ale nanyi. Akae na wajukuu zake."

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, mkoba mapajani. "Nilitaka watu wakuheshimu, Baba," akamwambia, kwa Kiswahili.

"Najua, mwanangu," akasema Babu. "Na mie nilitaka kuzungumza na daktari." Hakusema kwa ukali. Kisha akauliza, hivi huyu Kapita kafanya nini hasa, na Mama alipomweleza, fahamu na faham, akacheka mpaka muuguzi akamletea maji.

Wengine wataniambia nimsamehe Shangazi, mtu mzima sasa. Nimeshamsamehe. Nimesamehe na bado nimekasirika, mambo mawili hayo yanakaa nyumba moja bila ya taabu. Babu aliishi miaka mingine sita kwa pumzi za kukopa, na wiki zile za rangi ya kucha hakuna aliyemrudishia.

Tuliporudi, Shangazi ndiye aliyeendesha. Babu mbele, mie nyuma na Mama. Tulipokuwa tumeuacha mji na mlima umejitokeza, Babu akageuka.

"Kapita, njoo huku."

Nikapenya katikati ya viti, nikamkalia mapajani, mgongo wangu kifuani pake. Ndani kulikuwa kunasikika mlio mdogo, kriii, kriii. Akaanza kukohoa, kile kikohozi kirefu cha kutikisa mabega, na sote wawili tukatikisika, na pumzi yake ikanipiga shingoni. Nikajikaza kungojea mkono wa Shangazi wa kunivuta.

Shangazi akabadilisha gia, tukaendelea.